Kwa nini msitu tambarare wa pwani unachosha kuliko kupanda mlima?

#1 MwanaMlalo
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa milima, nimekulia Mlalo, Lushoto. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, kwenda na kurudi ni kushuka na kupanda. Mwaka jana nilipanda Meru mpaka kileleni, nikashuka bado nina nguvu za kwenda harusini.

Likizo hii nikasema nibadilishe. Nikavuka Horohoro, nikaenda mpaka Watamu ili nitembee msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilichukua mwenyeji wa kuniongoza, tukaingia alfajiri kupitia kituo cha misitu cha Gede. Njia ni tambarare, hakuna hata kilima cha kumkwaza mbuzi. Saa nne asubuhi nimekwisha! Kichwa kinagonga, miguu haitaki, nimekaa juu ya gogo naomba dakika tano, na mwongozaji wangu kasimama pembeni anaimba. Na kiumri kanizidi mbali.

Dai langu: kutembea msitu wa pwani ni kazi nzito kuliko kupanda mlima, ila watu hawasemi. Mwenye maelezo atupe.

#2 Kibuyu Wazi
Nimewahi siti ya mbele. Wajuvi wanakuja.

#3 Jirani wa Gede
Karibu kwetu ndugu yangu. Jibu lako ni mchanga, basi.

Msitu ule si mmoja, ni mitatu imeshonwa pamoja. Upande wa Gede na Mida una msitu mchanganyiko, mchanga wa kijivu, majani mengi chini. Ukisogea ndani unaingia kwenye mirihi, miti imeachana, jua linapita, na chini ni mchanga mweupe wa kuzama. Ukizidi kwenda magharibi unakuta mchanga mwekundu na vichaka vizito vya Cynometra ambavyo hata mbwa hapenyi. Wewe bila shaka ulifika kwenye ule mweupe. Pale kila hatua mguu unazama na kuteleza nyuma kidogo. Watafiti walishapima: kutembea kwenye mchanga mkavu uliolegea kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu, kwa mwendo uleule. Zihesabu upya kilomita zako uone kama ulichoka bure.

#4 Kisarawe Moja
@Jirani wa Gede nakupinga kwa heshima. Mimi huku nyuma ya nyumba nina msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Huku ni udongo, tena pale Pugu ndipo palipochimbwa kaolini tangu enzi za ukoloni, mapango ya machimbo bado yapo na popo wake. Ardhi imeshikana, mvua ikinyesha unateleza tu. Mchanga wa kuzama hakuna. Na bado wageni wanaotoka Dar wakitembea saa mbili wanatoka wamelowa chapachapa, wanauliza bodaboda iko wapi. Sasa huku tusingizie mchanga gani?

#5 Nesi Zamu ya Usiku
Kisarawe Moja kagusa penyewe. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Huko juu Meru hewa ni baridi, jasho linakauka kabla hujaliona. Msitu wa pwani hewa yake imeshajaa maji na miti imekata upepo, kwa hiyo jasho linatiririka mpaka kwenye soksi na joto linabaki mwilini. Moyo unapata kazi mbili: kupeleka damu kwenye misuli, na kupeleka nyingine kwenye ngozi ikapoe. Njia ni tambarare lakini mapigo yanapanda.

MwanaMlalo, nijibu haya: ulikunywa nini, kiasi gani, ulikula nini, na ilikuwa mwezi gani?

#6 Pwagu
Na alikojoa saa ngapi. Nesi hujauliza bado.

#7 Nesi Zamu ya Usiku
Hilo nalo lina maana yake, Pwagu. Cheka tu.

#8 MwanaMlalo
Nesi, ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi za nazi pale Gede mjini, na chai ya maziwa. Maji nilibeba lita moja na nusu, yakaisha kabla ya kugeuza. Viatu ni vilevile vya mlimani, buti za ngozi.

Lakini sijutii. Tulimwona yule panya mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu, akakatiza njia mbele yetu mbio. Na mwongozaji akasema jioni tungeweza kumsikia bundi mdogo ambaye yupo Sokoke tu, duniani kote hayupo kwingine.

#9 Pwagu
Mahamri na mbaazi za nazi, halafu unauliza kwa nini umechoka. Uzi ufungwe. Mahamri mangapi, mkuu? Sema ukweli, hapa hatujuani.

#10 Mdudu Mtu
Masahihisho mawili kabla hayajasambaa.

Yule si panya. Ni sange, na kiukoo yuko karibu na tembo, pelele, nguva na mhanga kuliko alivyo karibu na panya yeyote. Pua yake ni ya kufukulia wadudu kwenye majani makavu. Anaishi jike na dume katika eneo lao, na ukimsikia anapiga mkia chini ujue ameshakuona. Huyo wa matako ya dhahabu ndiye wa kwenu kabisa, Pwani ya Kenya, na Sokoke ndiyo ngome yake.

Bundi wa Sokoke hayuko Sokoke peke yake. Yupo pia chini ya Usambara Mashariki, upande wa Muheza. Ndege ambaye ni wa Kilifi tu ni kwera wa Clarke, na hata huyo kwa muda mrefu watu hawakujua anapotagia, mpaka viota vyake vilipopatikana Dakatcha mwaka 2013.

#11 Kibuyu Wazi
Kumbe tembo ana shemeji wa kutoshea mfukoni.

#12 Kepteni Buti
Mnazunguka tu. Jibu liko kwenye #8: buti za ngozi za mlimani. Uzito unaovaa mguuni unakugharimu zaidi ya uzito huohuo ukiwa mgongoni, kwa sababu unaunyanyua kila hatua. Mlimani buti zinakulipa, zinashika kifundo, zinazuia mawe. Tambarare hazikulipi kitu, zinabeba mchanga na kupika vidole. Muulize mwongozaji wake alivaa nini.

#13 MwanaMlalo
@Kepteni Buti alivaa akala za tairi.

#14 Kepteni Buti
Nimemaliza.

#15 Dada wa Kilifi
Hujamaliza. Akala msitu ule ni za mwenyeji anayejua pa kukanyaga. Mgeni akivaa akala atarudi na kupe kwenye vidole na hadithi ya siafu. Viatu vyepesi vya kufunika, soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi. Utaonekana kituko, sawa, ila nani anakuona mle?

Na nguo zisiwe nyeusi wala buluu, hasa ukielekea Shimba Hills au Saadani. Mbung'o wanapenda rangi hizo.

#16 Mkia wa Taa
Assalaam alaykum. Mie nna hoja ya kuvunja ya mchanga na ya buti kwa pamoja. Jozani, Unguja. Pale kwenye mikoko mtu anapita juu ya mbao, zimetandikwa vizuri, hazamishi hata kidole. Wageni wengi wamevaa ndara. Wallahi wakitoka mle utadhani wamevuliwa baharini. Hewa ndiyo jibu, Nesi kasema kweli.

#17 Kisarawe Moja
@Mkia wa Taa sheikh, Jozani si kutembea. Ule ni mzunguko wa kupiga picha kima punju, nusu saa umerudi kwenye gari. Kulowa na kuchoka ni vitu viwili. Hata aliyekaa barazani anakunywa kahawa Forodhani Januari analowa, lakini hachoki.

#18 Mkia wa Taa
Basi njoo Ngezi, Pemba, nikutembeze mpaka usahau Kisarawe. Kima punju mmemzoea, huku tuna popo wakubwa ambao hawapo pengine popote.

#19 Bibi wa Muheza
Wanangu, mnabishana na mfano upo. Amani. Njia ya kutoka Sigi chini mpaka Amani juu. Sigi iko kama mita 450, Amani kama 900. Mtu mmoja, viatu vilevile, chakula kilekile, siku ileile. Kipande cha chini, penye mianzi na mto, ndicho kinachoua watu, ingawa mwinuko mkali uko mbele. Wakishapita katikati hewa inabadilika na wale waliokuwa wanalalamika wanaanza kupiga soga. Kila mita 1,000 ukipanda unapunguza nyuzi kama 6 hivi. Nusu ya hapo tu inatosha mtu kurudiwa na uso wake.

Kwa hiyo mimi niko na Nesi. Lakini MwanaMlalo asituambie kwamba tambarare ni ngumu kuliko mlima. Aseme joto ni gumu kuliko baridi. Angepanda mlima huo Mlalo kwa joto la Gede angezimia.

#20 MwanaMlalo
Shikamoo Bibi. Hoja nzuri, ila haimalizi la mwongozaji. Hewa tulivuta moja, mimi na yeye. Yeye alikuwa anaimba.

#21 Nesi Zamu ya Usiku
Mwili wake umezoea. Mtu akikaa kwenye joto na kulifanyia kazi wiki moja mpaka mbili, damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linatoka na chumvi kidogo. Wewe ulishuka kutoka kwenye baridi, ukalala Watamu, asubuhi ukaingia msituni. Ungekaa kwanza siku kadhaa unatembea ufukweni jioni jioni, hadithi ingekuwa nyingine.

La pili, lita moja na nusu kwa asubuhi ya Machi ni kidogo sana. La tatu, kichwa kugonga ni dalili ya joto kukuzidi, si uchovu wa kawaida. Ukisikia hivyo unakaa kivulini, unalegeza nguo, unajimwagia maji shingoni. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura, hakuna kusubiri dakika tano juu ya gogo.

#22 Jirani wa Gede
Hapo kwa mwongozaji niongeze kitu nilichokiona kwa macho. Wenyeji hawatembei katikati ya njia. Katikati ndipo magari yamesaga mchanga ukawa unga. Wao wanakanyaga ukingoni, penye majani na mizizi, na hatua zao ni fupi. Mgeni anapiga hatua ndefu katikati kwa sababu njia inaonekana safi. Kwa hiyo walivuta hewa moja, lakini hawakutembea njia moja. Mchanga bado haujashindwa!

#23 Mzee wa Kaniki
Nimewasoma wote. Mimi ni Mdigo wa Kinondo, kusini ya Diani. Kwetu ukitaka kuingia kaya, yaani msitu mtakatifu wa wazee, unafungwa kaniki kiunoni kwanza, unaambiwa usichume, usiokote, usipige kelele, usiache njia. Mgeni anadhani ni mila tu. Zile kaya zetu Wamijikenda zimeandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wazee walizilinda kwa masharti hayo kabla ya karatasi yoyote.

Sasa niambieni. Mtu aliyefungwa kaniki anaweza kukimbia? Hawezi. Anakwenda taratibu, anasimama kwenye kila mti akisikiliza habari zake. Sijaona mgeni akitoka kaya ya Kinondo analia miguu. Huyu kijana aliingia Sokoke na haraka ya mlimani. Msitu hauna kilele, ukiutafuta kilele unachoka bure.

#24 Pwagu
Shikamoo Mzee. Lakini kaya ya Kinondo ni ndogo, ukipiga chafya umefika upande wa pili.

#25 Mzee wa Kaniki
Marahaba. Na wewe ukija utavishwa kaniki mbili, na ya mdomo.

#26 Kibuyu Wazi
😂😂 Pwagu kapatikana.

#27 Mpiga Ramani
Mzee kasema kitu ambacho wengine wamekiruka: kilele. Mlimani unaona ulikotoka na unakokwenda. Bonde liko kule, kilele kiko pale, kila ukipumzika unapata malipo. Sokoke njia imenyooka, kulia miti, kushoto miti, nusu saa baadaye kulia miti, kushoto miti. Akili haina cha kupunguza. Ndiyo maana watu wengi wanaipenda Nyari, ule ukingo wa magharibi ambapo ghafla unauona msitu wote chini yako mpaka bahari ya Mida. Wengine huenda na gari mpaka pale, hawapati raha ileile.

Mimi naamini nusu ya uchovu wa MwanaMlalo ulikuwa kichwani, na sisemi kwa dharau.

#28 Dada wa Kilifi
Ongezeni na woga. Msitu ule una tembo. Wamezungushiwa ua wa umeme wasiingie mashambani, maana yake na wewe ukiingia uko ndani ya ua pamoja nao. Ukikuta kinyesi kibichi njiani, masikio yanasimama, mabega yanapanda, kila tawi likivunjika unageuka. Saa tatu za kutembea hivyo ni kazi. Mwongozaji anajua harufu, anajua jana walikuwa upande gani. Wewe hujui, unachoka kwa niaba ya wote wawili.

#29 MwanaMlalo
Dada umenikumbusha. Kinyesi tulikikuta, tena kinafuka. Kuanzia hapo sikumbuki hata ndege mmoja.

#30 Mtalii wa Ndani
Jamani Arabuko-Sokoke si ndio msitu mkubwa kuliko yote Kenya? Mbona mnauongelea kama shamba la mtu?

#31 Jirani wa Gede
Hapana. Mau ni mkubwa kuliko huu mara nyingi. Sokoke una kama kilomita za mraba 420, na sifa yake ni kuwa kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Zamani misitu hii ilikuwa imetanda pwani nzima. Sasa ni vipande vipande. Na hata ndani yake mbambakofi wakubwa waliondoka siku nyingi wakawa milango na madau, muhuhu nao wakaenda kwa wachonga vinyago.

Watu wa kando ya msitu walikuwa hawana sababu ya kuupenda, tembo wanakula mahindi yao. Mradi wa Kipepeo pale kwenye magofu ya Gede ulianza 1993, wakulima wanafuga vipepeo wa msituni na kuwauza nje wakiwa bado kwenye magamba. Hapo ndipo baadhi yao walipoanza kuona msitu una faida ukiwa umesimama.

#32 Bibi wa Muheza
Tunatoka kwenye mada, lakini hii ni nzuri kuliko mada.

#33 Jirani wa Gede
Turudi basi. MwanaMlalo alikuja Machi. Nani alimshauri? Machi kaskazi inakufa, masika hayajaingia, upepo hakuna, hata sisi tunalala barazani. Aje Julai au Agosti, kusi inavuma, asubuhi unavaa shati la mikono mirefu kwa raha.

#34 Kepteni Buti
Nimetembea Sokoke Agosti. Kusi unaisikia juu ya miti, chini haifiki. Nilichoka vilevile. Na sikula mahamri.

#35 Jirani wa Gede
Ulivaa buti?

#36 Kepteni Buti
Nilivaa viatu vyepesi.

#37 Pwagu
Basi hoja yako ya buti imekufia mikononi, Kepteni. Tuipeleke wapi maiti?

#38 Kepteni Buti
Haijafa. Nilichoka miguu, sikuumwa kichwa. MwanaMlalo aliumwa vyote. Kuna uchovu wa aina mbili humu ndani na nyie mnauchanganya.

#39 Kisarawe Moja
Hapo umeongea, mkuu. Mchanga na buti vinachosha miguu. Hewa inachosha moyo. Tembo na miti isiyoisha inachosha kichwa. Swali ni kipi kilimkalisha juu ya gogo.

#40 Nesi Zamu ya Usiku
Hewa. Vingine vilisaidia tu.

#41 Mpiga Ramani
Kichwa. Mtu aliyepanda Meru ana moyo mzuri.

#42 Mkia wa Taa
Mahamri.

#43 Nesi Zamu ya Usiku
Mahamri yasionewe. Mwenye kutoa jasho hivyo anahitaji chumvi na wanga. Tatizo ni kunywa maji matupu kwa wingi bila kula kitu; hapo chumvi ya mwili inazimuka, nako ni hatari yake. Beba pakiti ya ORS, ileile ya kuharisha, uichanganye na kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, usilitegemee peke yake. Muhogo wa kuchoma wenye chumvi na ndimu ni chakula cha njiani kizuri sana.

Na mkitaka kubishana kwa vipimo: jipimeni uzito kabla ya kutembea na baada ya kutembea, bila nguo, mkiwa mmejifuta jasho. Jumlisha maji uliyokunywa, toa uliyokojoa. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Atakayepima Lushoto na Gede ataona mwenyewe.

#44 Pwagu
Nilisema tangu #6 kwamba kukojoa kuna maana. Mkanicheka.

#45 MwanaMlalo
Nashukuru wote, ila sijaridhika. Agosti nakwenda Shimba Hills, kuna vilima kidogo na maporomoko ya Sheldrick, nataka pia niwaone palahala. Kule mwinuko upo, mchanga wa kuzama sitarajii, hewa ni ileile ya pwani. Kepteni, twende wote? Wewe viatu vyepesi, mimi buti zangu, maji sawa, mwendo sawa.

#46 Kepteni Buti
Nakuja. Lakini asubuhi tunakula kitu kimoja, na Dada wa Kilifi ndiye atakayechagua, mimi simwamini Pwagu.

#47 Dada wa Kilifi
Viazi vitamu na chai ya rangi. Na nguo za khaki, nimeshasema habari za mbung'o. Mkitoka kule chini kwenye maporomoko mnakumbuka kuna kupanda kurudi, wengi hukaa wanaoga mpaka jua linawakuta.

#48 Mzee wa Kaniki
Mkipita Kwale nijulisheni. Kinondo si mbali.

#49 Kibuyu Wazi
Mizani mnabeba ya nani? Ya bafuni inakubali kupanda matatu ya Kwale, au mnakwenda kupimiwa kwenye ya duka la mahindi?

#50 Kisarawe Moja
Ya duka la mahindi bila nguo? Nitafuteni, nakuja kuangalia.